Daraja Hulipwa na Nani?

Ndugu msomaji, mtu akivuka daraja bila kutoa hata senti moja husema, "Daraja hili ni la bure." Akivuka lingine akadaiwa shilingi mia chache, hukasirika na kusema kuwa anaonewa. Maneno yote mawili yanahitaji kuchunguzwa. Hakuna daraja lililojengwa bure. Mchanga hununuliwa, saruji hununuliwa, na fundi hulipwa. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: analipa nani, analipa lini, na fedha zake zinakwenda wapi?

Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni migomba, kahawa, mahindi na mifugo. Lakini mkulima bila barabara ni mkulima nusu, kwa hiyo leo nitaeleza habari za barabara na daraja. Tutaanza hapa kwetu Mwika, twende Dar es Salaam, tuchungulie na Mombasa, kisha turudi nyumbani.

BARABARA YETU YA MWIKA

Mwika iko kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro. Ukitoka Himo, unapanda mpaka Marangu Mtoni. Pale unashika njia ya kulia, unapita katika vihamba vya migomba na kahawa, unafika Mwika. Ukiendelea mbele unaingia Rombo, mpaka Mkuu na Tarakea, karibu na mpaka wa Kenya.

Nchi yetu ni ya mabonde. Kila baada ya mwendo mfupi kuna mto au korongo linalotoka mlimani. Udongo wetu ni mwekundu na wenye rutuba, lakini mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Kwa sababu hiyo, habari za barabara katika nchi hii ni habari za kuvuka maji.

Wazee wetu walivuka kwa magogo. Gogo likioza, au likichukuliwa na mafuriko, Mangi aliamuru pembe ipigwe. Watu walitoka na majembe na mapanga kwenda kufanya kazi ya pamoja. Kazi hiyo tunaiita msaragambo. Kwa msaragambo zilichimbwa njia, na kwa msaragambo ilisafishwa mifereji ya maji ya mashamba. Mtu asiyetokea alitozwa faini. Utawala wa Mamangi uliondolewa mwaka 1963, lakini neno msaragambo halikuondoka. Mpaka leo mwenyekiti wa kitongoji akilitamka, kila mtu anaelewa kuwa anatakiwa kuchukua jembe.

Je, gogo lile lilikuwa la bure? Hapana. Lililipwa kwa jasho na kwa siku za kazi. Aliyekosa kutoa jasho alilipa faini. Huo nao ulikuwa ushuru wa daraja, ingawa hapakuwa na kibanda wala risiti.

Barabara ya kutoka Marangu kwenda Rombo ilikuwa ya udongo na kifusi kwa miaka mingi. Watu wazima wanakumbuka malori yaliyolala njiani wakati wa masika, na mikungu ya ndizi ikaiva juu ya gari. Katika karne hii imewekwa lami. Siku hizi lori huondoka Mwika jioni, na alfajiri liko Dar es Salaam. Lakini njia za vitongojini, zinazotoka kwenye lami kwenda majumbani na mashambani, nyingi bado ni za udongo. Huko ndiko mgogoro wetu ulikoanzia.

KIJITI NJIANI

Katika masika ya mwaka 2024 maji yalikata njia katika kitongoji kimoja ninachokihudumia. Kalvati la zamani lilizibwa na matawi na mawe. Maji yakapita juu, yakachimba shimo linalomfika mtu kiunoni. Gari halikuweza kupita. Mama wa ndizi walirudi kwenye kazi ya kubeba mikungu kichwani mpaka kwenye lami. Mgonjwa mmoja alibebwa kwenye machela ya miti.

Vijana wanne waendesha bodaboda wakaona nafasi. Walijaza mawe na magogo, wakatengeneza njia nyembamba ya kupita pikipiki. Kisha wakaweka kijiti kuziba njia. Kila pikipiki iliyopita ilitakiwa kutoa shilingi 200. Aliyekataa aliambiwa arudi alikotoka.

Kijiji kikagawanyika. Wengine walisema, "Vijana wamefanya kazi, walipwe." Wengine walisema, "Njia ni ya wote, hakuna mwenye haki ya kuifunga." Mzee mmoja, ambaye kwa heshima tunamwita Meku, alisema kwa hasira, "Babu yangu alichimba njia hii kwa msaragambo. Leo mjukuu wangu alipishwe kupita?" Kijana mmoja akamjibu, "Shikamoo Meku. Lakini hayo mawe hayakujibeba yenyewe."

Wote wawili walikuwa na hoja. Mkutano ukaniuliza maoni yangu, kwa sababu walijua kuwa nimewahi kufika kwenye daraja kubwa la kulipia. Nikawaeleza niliyoyaona.

SAFARI NA NDIZI

Mwaka 2018 nilisafiri na wakulima watano wa Mwika kwenda Dar es Salaam. Tulitaka kuona soko la ndizi la Mabibo, mahali ambapo watu hupaita Mahakama ya Ndizi. Tulitaka kujua ndizi inayoondoka kwetu inafika katika hali gani, na bei inaongezeka wapi.

Tuliteremka Himo. Pale Njiapanda kuna mizani ya kupimia magari. Lori letu lilipanda mizani, likapimwa, likaruhusiwa. Tukapita Same, Mombo, Korogwe, Segera na Chalinze. Safari ni ya zaidi ya kilomita 500. Tulivuka madaraja mengi usiku, makubwa na madogo, na hakuna lililotudai kitu.

Baada ya kumaliza shughuli za sokoni, mama mmoja katika kundi letu alisema ana binti aliyeolewa Kigamboni, na angependa kumsalimia. Tukakubaliana kwenda wote. Ndivyo tulivyofika kwenye daraja.

DARAJA LA KIGAMBONI

Kigamboni iko ng'ambo ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam. Ukisimama mjini unaiona kwa macho, lakini katikati kuna maji ya bahari. Kwa miaka mingi watu walivuka kwa kivuko cha Magogoni, ambacho wengi hukiita pantoni. Nauli ya mtu mmoja ilikuwa shilingi 100, na mwezi wa Januari mwaka 2012 ikapandishwa kuwa shilingi 200. Pantoni ikiharibika, wafanyakazi walichelewa kazini na wagonjwa walichelewa hospitali. Mwenye gari ambaye hakutaka kungoja alizunguka mbali, kwa njia ya Mbagala na Kongowe.

Ujenzi wa daraja ulianza mwaka 2012. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais Jakaya Kikwete mwezi wa Septemba mwaka huo. Makandarasi walitoka China. Rais John Magufuli alilifungua tarehe 19 Aprili 2016, na likaitwa Daraja la Nyerere. Hata hivyo watu wengi wanaendelea kuliita Daraja la Kigamboni.

Daraja lina urefu wa mita 680. Lina njia sita za magari, tatu za kwenda na tatu za kurudi. Pembeni kuna njia za waendao kwa miguu. Sehemu ya katikati imeshikwa na nyaya nene za chuma zinazoteremka kutoka kwenye nguzo ndefu. Ukiongeza barabara za kuingilia, upande wa Kurasini na upande wa Kigamboni, kipande chote ni cha kilomita chache tu. Lakini kiligharimu zaidi ya shilingi bilioni 200.

Sisi tulivuka kwa miguu. Anayetembea hatozwi kitu. Upepo wa bahari ulikuwa mkali, na wenzangu waliozoea baridi ya mlimani walifurahi kupata hewa. Chini tuliona mitumbwi ya wavuvi.

Tulipofika kwenye vibanda vya ushuru tulisimama kutazama. Gari linafika, linasimama, dereva anatoa fedha, anapewa risiti, kizuizi kinanyanyuka, gari linapita. Pikipiki ilitozwa shilingi 600. Bajaji ilitozwa shilingi 1,500. Gari kubwa lililipa zaidi ya gari dogo.

Mkwe wa yule mama alikuwa mwendesha bodaboda. Alitupokea vizuri, akatukaribisha chai. Tulipomsifia daraja lao, alicheka kidogo. Akasema, "Daraja ni zuri, lakini mimi nalipa kuingia nyumbani kwangu."

Tukafanya hesabu naye. Kwenda ni shilingi 600 na kurudi ni shilingi 600. Jumla ni shilingi 1,200 kwa siku. Akivuka hivyo siku 26 katika mwezi, analipa shilingi 31,200. Kwa mtu wa kipato cha chini, hicho ni chakula cha nyumbani cha siku kadhaa.

KWA NINI WALIPE?

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Serikali haikujenga Daraja la Kigamboni kwa kodi peke yake. Iliingia ubia na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Mfuko ulikubali kutoa asilimia 60 ya gharama, na Serikali asilimia 40.

Fedha za mfuko si mali ya mwenye ofisi. Ni akiba ya wafanyakazi. Kila mwezi mfanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara wake, ili akizeeka apate pensheni. Fedha hizo zikijenga daraja na zisirudi, mzee anayestaafu atapunjwa. Kwa hiyo uliwekwa ushuru ili fedha zirudi, na ukaanza kutozwa mwezi wa Mei mwaka 2016.

Tulipoelezwa hivyo, mmoja wetu alisema, "Kumbe mwenye pikipiki anamlipa mzee wa pensheni." Alikuwa ameelewa sawasawa.

Lakini wakazi wa Kigamboni nao walikuwa na hoja yao. Walitazama madaraja mengine. Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Lina urefu wa mita 970, yaani ni refu kuliko la Kigamboni, na anayelivuka halipi kitu mlangoni. Baadaye, mwaka 2022, lilifunguliwa Daraja la Tanzanite hapo hapo Dar es Salaam, lenye urefu wa mita 1,030. Lilijengwa kwa mkopo wa Korea ya Kusini na fedha za Serikali. Nalo likavukwa bila ushuru. Watu wakauliza, "Kwa nini wenzetu wavuke bure na sisi tulipe?"

Jibu ni kwamba wale nao hawavuki bure. Mkopo wa daraja hulipwa na nchi nzima kwa kodi. Mkulima wa Mwika ambaye hajawahi kuliona Daraja la Tanzanite anachangia kulilipa kila anaponunua kitu chenye kodi. La Kigamboni, sehemu kubwa ya gharama iliwekwa juu ya anayelivuka. Hizo ni njia mbili za kulipa. Ya kwanza inagawa mzigo kwa watu wengi, hata wasiolitumia daraja. Ya pili inamtwika mtumiaji, awe tajiri au maskini.

Malalamiko yalisikika. Mwezi wa Mei mwaka 2022 ushuru wa Kigamboni ulipunguzwa. Pikipiki ilishuka kutoka shilingi 600 hadi 300. Bajaji ilishuka kutoka 1,500 hadi 500. Magari mengine nayo yalipunguziwa. Kwa yule mkwe, hesabu ya siku 26 ilishuka kutoka shilingi 31,200 hadi 15,600. Jambo hilo linatufundisha kuwa ushuru si amri ya mbinguni. Watu wakisema kwa utaratibu, na hesabu zikatazamwa, unaweza kubadilishwa.

JIRANI MZEE: DARAJA LA NYALI

Kigamboni si mahali pa kwanza katika pwani yetu pa kulipia daraja. Wafanyabiashara wetu wanaopita Holili na Taveta kwenda Mombasa wanalijua Daraja la Nyali. Mji wa Mombasa uko kisiwani. Mwaka 1931, wakati wa ukoloni wa Waingereza, liliwekwa pale daraja lililoelea juu ya maboya, kuunganisha kisiwa na bara ya kaskazini. Lilikuwa mali ya kampuni, na kampuni ilitoza ushuru kwa waliovuka.

Ukazuka ubishi. Je, magari ya jeshi la Waingereza yalipe au yasilipe? Kampuni ilifungua kesi, na kesi ikafika mpaka mahakama za juu za London. Yaani hata dola yenye bunduki ilifikishwa mahakamani kwa ajili ya ushuru wa daraja.

Katika kesi hiyo, mwaka 1955, jaji mmoja mashuhuri aitwaye Denning alitoa mfano wa mti. Alieleza kuwa sheria ya Kiingereza ni kama mti mkubwa wa kwao. Huwezi kuuhamishia Afrika ukategemea uwe na nguvu zile zile. Utaota, lakini lazima uutunze kufuatana na mahali ulipo. Sisi mabwana shamba tunalielewa jambo hilo bila kwenda mahakamani. Mche uliostawi tambarare si lazima ustawi mlimani. Na mpango wa ushuru uliofaa mji mkubwa si lazima ufae kitongoji cha Mwika.

Mwaka 1980 lilijengwa Daraja jipya la Nyali, la zege, na lile la maboya likaachwa. Leo hakuna kibanda cha ushuru pale. Kenya pia iliwahi kuweka vituo vya ushuru katika barabara zake kuu miaka ya 1980. Kisha mwaka 1993 ilitunga sheria ya kutoza fedha za matengenezo ya barabara katika mafuta ya magari, na vituo vile vikaachwa. Je, madereva waliacha kulipa? Hawakuacha. Malipo yaliondoka barabarani yakahamia kwenye kituo cha mafuta.

USHURU USIOONEKANA

Tanzania nasi tuna ushuru wa namna hiyo. Tulitunga sheria ya ushuru wa barabara na mafuta mwaka 1985. Mwaka 1998 sheria hiyo ilirekebishwa, ukaanzishwa Mfuko wa Barabara. Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa ina sehemu inayokwenda kutunza barabara. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa ya miji ziko chini ya TARURA, chombo kilichoanza kazi mwaka 2017.

Mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA. Tufanye hesabu tena. Tuseme kijana wa bodaboda wa Mwika anatumia lita 3 kwa siku. Kwa nyongeza hiyo peke yake analipa shilingi 300 kwa siku. Hiyo ni sawa na ushuru wa pikipiki kuvuka Daraja la Kigamboni mara moja, kwa bei ya mwaka 2022. Naye hajaona daraja wala kibanda.

Tuseme lori la ndizi linatumia lita 300 kwenda Dar es Salaam na kurudi. Shilingi 100 mara 300 ni shilingi 30,000. Mwenye lori hatoi fedha hizo kwenye mfuko wake mwenyewe. Anaziweka katika gharama ya usafiri. Mnunuzi naye anapokuja shambani, anazipunguza katika bei ya mkungu. Kwa hiyo mama wa Mwika mwenye migomba kumi na tano, asiye na gari wala pikipiki, naye ni mlipaji wa ushuru wa barabara.

Nilipofika hapo katika maelezo yangu, mkutano ulinyamaza. Kisha Meku akauliza, "Basi Bwana Shamba, kama tumekwisha kulipa kwenye mafuta, kwa nini tulipe tena kwenye kijiti?"

Swali hilo ndilo lilihitaji kuulizwa. Na linafuatwa na swali la pili: kama tumekwisha kulipa, tumedai?

MAMBO YANAYOUA BARABARA

Kabla ya kueleza tulivyoamua, niseme neno la kazi yangu. Hata fedha zikija, barabara inaweza kufa mikononi mwetu. Kuna maadui wawili.

Adui wa kwanza ni mzigo. Ndiyo maana kuna mizani pale Himo. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, lori kubwa kabisa lisizidi tani 56, na ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10. Wataalamu wa barabara wamegundua kuwa uharibifu haukui sawa na uzito. Ekseli ikibeba mzigo mara mbili, barabara huumia kama mara 16. Lori moja lililozidishwa sana hufanya madhara ya malori mengi. Kwa hiyo anayezidisha mzigo wa magogo au mawe katika njia ya kitongoji anakula fedha za wenzake.

Adui wa pili, na kwetu mlimani ndiye mkubwa zaidi, ni maji. Barabara ya udongo haifi kwa gari, hufa kwa maji yasiyo na mahali pa kwenda. Mtaro ukizibwa, maji hupanda barabarani. Kalvati likizibwa, maji hupita juu yake na kulikata. Mara nyingi maji hayo yanatoka mashambani kwetu. Mtu amelima kufuata mteremko badala ya kuukinga. Mwingine ameziba mtaro ili apate njia ya kuingiza gari nyumbani. Mwingine ametupa magome ya migomba mtaroni.

Dawa tunayo. Lima kwa kukinga mteremko. Chimba makinga maji, na juu ya tuta panda majani ya guatemala au matete. Mizizi itashika udongo, na majani utalisha ng'ombe wako. Shamba litabaki na rutuba yake, na njia itabaki mahali pake. Usafishe mtaro ulio mbele ya kihamba chako kabla ya vuli na kabla ya masika. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Kalvati likikatika, kazi yake ni ya miezi.

TULIVYOAMUA

Mkutano ule ulikwenda mpaka jioni. Hatimaye watu waliweka mbele yao maswali manne, na kwa maswali hayo wakakipima kile kijiti cha vijana.

Swali la kwanza: Nani amekuruhusu kutoza? Kigamboni kuna sheria na mamlaka. Kijiti kilikuwa na vijana wanne tu. Barabara ya umma haifungwi na mtu kwa mapenzi yake, hata kama amejaza mawe.

Swali la pili: Fedha zinaandikwa wapi? Kigamboni kuna risiti. Kwenye kijiti hapakuwa na daftari. Vijana wenyewe walikiri hawajui wamekusanya kiasi gani.

Swali la tatu: Asiye na uwezo atapita wapi? Kigamboni anayetembea havuki kwa fedha. Kwenye kijiti mama mmoja aliyempakia mtoto mgonjwa alizuiwa mpaka akakopa shilingi 200.

Swali la nne: Fedha zitatengeneza nini? Ushuru wa daraja ni kwa ajili ya daraja. Fedha za kijiti zilikwishaliwa, na shimo lilikuwa pale pale.

Kijiti kikaondolewa siku hiyo. Lakini mkutano haukuwaacha vijana mikono mitupu, kwa sababu kweli walibeba mawe wakati wengine wamekaa. Iliandikwa kuwa siku walizofanya kazi zihesabiwe kuwa msaragambo wao. Pia iliamuliwa mambo matatu.

Kwanza, kila kaya itoe mtu mmoja kwa msaragambo wa siku mbili, kukusanya mawe, kuchimba mtaro na kuzibua kalvati. Wazee na wagonjwa wasamehewe. Pili, mtendaji wa kijiji aandike barua kwa TARURA wilayani kuomba mabomba ya kalvati na fundi, akieleza urefu wa njia, idadi ya kaya, na mazao yanayopita hapo. Diwani aifuatilie barua hiyo. Tatu, kila jambo liandikwe katika daftari, na lisomwe katika mkutano unaofuata.

Msaragambo ulifanyika. Meku, ingawa alisamehewa, alikuja na fimbo yake akasimamia uchimbaji wa mtaro. Wale vijana wanne walikuja pia. Bodaboda na gari dogo vikaanza kupita. Lori halikuweza, kwa sababu kalvati kubwa ni kazi ya fundi na fedha. Barua ilikwenda, ikajibiwa kuwa njia ile imeingizwa katika maombi ya bajeti. Wanakijiji hawakulala. Katika kila mkutano mtu mmoja husimama na kuuliza, "Barua yetu imefika wapi?"

Ndugu msomaji, nakuomba ufanye hivyo hivyo katika kijiji chako. Ukivuka daraja, liwe la nyaya za chuma au la magogo mawili, jiulize analipa nani. Ukidaiwa ushuru, dai risiti. Ukiambiwa ni bure, kumbuka lita ya mafuta na bei ya mkungu wako. Wewe ni mlipaji, na mlipaji ana haki ya kuuliza. Tena mlipaji ana wajibu wa kutunza alicholipia.

Mvua zinakaribia. Nenda ukautazame mtaro ulio mbele ya kihamba chako.